Kompyuta ya Mama Ina Joto

Jumapili jioni, Mama alizima kompyuta. Akaifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe.

Nyumbani kwao Mbeya, kila kitu kilikuwa na kitambaa. Redio. Viti. Hata ndoo ya maji!

Jumatatu, Mama alikwenda hospitali. Hakurudi. Mama alikufa.

Nyumba ikawa kimya. Atupele akabaki na Baba. Baba akabaki na Atupele.

Ndani ya kompyuta kuna sauti ya Mama. Mama anaimba.
"Tumsikilize, Baba?"
"Bado, mwanangu. Bado."

Siku hizi Baba haizimi kompyuta. Hapendi kuona kioo cheusi.

Asubuhi moja Atupele alitoa kitambaa, akakikunja. Akaigusa kompyuta. Lo! Moto! Ikavuma, naye akaiuliza:

Vuuu, vuuu.
Nani alikutumia usiku?
Hakuna mtu.

"Baba! Kompyuta ina homa!"
"Kompyuta haipati homa."
"Gusa uone. Imechemka kama chai!"
Baba akagusa. "Aa! Kweli."

"Itakufa?" Atupele aliuliza.
Baba akaigusa tena. "Ikichemka kila siku, itaharibika."
"Na sauti ya Mama?"
"Ndiyo maana tutatafuta sababu."

Baba alitazama kwenye kioo. Labda kompyuta inafanya kazi iliyosahaulika? Hakuna.

Kesho yake, moto tena.
Vuuu, vuuu.
Nani alikutumia usiku?
Hakuna mtu.

Baba alifungua kompyuta. Akapangusa feni kwa brashi. Vumbi! Hachii!
"Baba, umeota mvi!"
"Cheka tu. Na wewe umeota masharubu."

Kesho yake, moto tena.
Vuuu, vuuu.

Jioni ile Baba hakwenda jikoni kupika kama kawaida. Alikaa kando ya kompyuta, akasubiri.
Atupele akaja na kitambaa.

"Unafanya nini, mwanangu?"
"Naifunika. Mama aliifunika kila jioni."
"Na wewe?"
"Kila jioni. Huku kwetu baridi, Baba."

Baba aliushika mkono wa Atupele. Akauweka penye matundu madogo ya kompyuta.
Fuuu. Hewa ya moto.
"Ikiwaka, inapumua hapa. Mama aliizima kwanza. Halafu akaifunika."

Atupele akauvuta mkono. "Nimeiziba pumzi? Nimeiharibu?"

"Hapana. Wewe umeifunika vizuri sana. Mimi ndiye sikuizima."

Baba alitazama kioo. Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaizima.

Vuuu... vuu... vu.
Kioo kikawa cheusi. Atupele akamshika Baba mkono.

Wakaifunika pamoja. Atupele upande huu, Baba upande ule.
"Lala salama, kompyuta," alisema Atupele.
"Lala salama, Atupele," alisema Baba.

Asubuhi, Baba aliamka mapema. Akatoa kitambaa, akaigusa kompyuta.
Baridi. Baridi kabisa.

Akaiwasha. Akavuta viti viwili.
"Atupele," akaita, "njoo tumsikilize Mama."