Namkataa kwa Niaba Yake

Jumanne mchana, Dafrosa akianua nguo, mama yake, Pelagia, aliona gauni la binti limelowa kifuani. Maziwa. Na mtoto wake walikuwa wamemzika miezi saba nyuma.

"Mwili una mambo yake, mama," Dafrosa alisema, akajifunga kanga juu.

Pelagia hakuwa mwanamke wa kuzungushwa. Akatega sikio. Alhamisi, jua la saa sita likichoma mabati ya mtaa wa Ipuli, akasikia chumbani kwa binti yake sauti ya kunyonya: mdomo mdogo, mate, pumzi za puani. Akasukuma mlango. Dafrosa ameketi kitandani, amepakata hewa, na titi lake linavutwa, linaachwa, linavutwa tena. Chumba kinanuka vumbi na jasho la watu wengi.

Wiki mbili tu, binti akabaki mifupa. Pelagia akamleta katekista Kasimiri, mzee aliyesimama pembeni ya padri siku Dafrosa anabatizwa.

"Shikamoo, Mwalimu," Dafrosa alisema.

"Shikamoo," ikasema sauti nyingine, ya kitoto, kutoka mapajani pake.

"Marahaba," Kasimiri aliitikia kwa mazoea, kisha akaganda. Akanyunyiza maji ya baraka. "Kwa jina la Yesu, toka!"

"Sikuvunja mlango," ikajibu ile sauti. "Nilikuwa nalia kwenye njia ya misafara ya watumwa, pale mama yangu aliponiacha alipoambiwa achague mzigo mmoja, mimi au pembe ya ndovu, na mjeledi uko mgongoni. Watu wakapita, miaka na miaka. Huyu alisimama. Nikamuuliza, nije? Akasema, njoo."

Kasimiri akainama. "Dafrosa, mwanangu. Unamkataa?"

Dafrosa akazidi kuikumbatia ile hewa.

"Namkataa!" Pelagia alifoka. "Namkataa kwa niaba yake! Nilimjibia siku ya ubatizo alipoulizwa kama anamkataa Shetani, leo namjibia tena!"

"Alikuwa mchanga, Mama Dafrosa. Sasa ni mtu mzima. Hata Mungu hamlazimishi."

"Basi huko aliko anafanya nini, Mwalimu? Anatazama?"

Katekista alifungua kitabu chake, akakifunga. "Sijui," alisema.

"Mungu alipomchukua mwanangu hakuniuliza, mama," Dafrosa alisema taratibu. "Huyu aliniuliza."

Kasimiri akaondoka, kofia akaisahau kwenye kiti. Dafrosa akasinzia palepale alipoketi, midomo imempasuka kwa ukavu, na sauti ya kunyonya haikukoma.

"Bibi," ikanong'ona. "Mama amechoka. Nipakate wewe."

Ndipo ikaja harufu ya utosi wa mtoto mchanga aliyepakwa mafuta, harufu ileile ya mjukuu wake, na Pelagia akajua kabisa kwamba anadanganywa, akaishika rozari, na neno namkataa likamjia hadi ncha ya ulimi, na safari hii lingehesabika maana lingekuwa lake mwenyewe, lakini akaziona mbavu za binti yake zikipanda na kushuka kwa shida chini ya kanga, akawaza, nikimchukua mimi, mwanangu atalala, atakula, atapona, na alipotazama chini akaiona mikono yake imekwisha kunyooka mbele, akageuka huku na huku kumtafuta anayeivuta.

Hapakuwa na mtu.

"Njoo," alisema.

Uzito mdogo, wa baridi, ukatua mapajani pake. Kitandani Dafrosa alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Na Pelagia, ambaye hakuwa amenyonyesha kwa miaka ishirini na minne, akahisi blauzi yake inalowa.