Niliufunga Mguu wa Mama kwa Plasta ili Abatizwe

Mimi ni mama wa miaka sabini na minane, mkulima wa hapa Kilungu. Kanisani wananijua wote, nikisimama mbele na kitambaa cheupe kichwani. Wakimaliza kusoma haya, sijui kama watanipa tena mkono. Lakini haki ya Mungu, nimechoka kunyamaza...

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimechaguliwa mwenyekiti wa kina mama, na kichwa kikanivimba. Aibu yangu ilikuwa moja tu: mama yangu mzazi hakuwa amebatizwa! Wenzangu walinong'ona kisimani eti nawahubiria watu na kwangu ni giza. Nilimsihi mama miaka mitatu. Siku aliyokubali nililia kwa furaha.

Lakini mama alikuwa na ugonjwa wa sukari, na chini ya mguu wa kulia alikuwa na kidonda. Alikanyaga mwiba shambani asisikie, kwa maana nyayo zake zilikuwa zimekufa ganzi. Sista wa dispensari alinionyesha kazi. Nikioshe kila asubuhi, niweke gozi, kile kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda, kisha nishikize kingo tu kwa plasta nyeupe isiyopitisha maji. Alinipa roli nzima, akanionya kwamba plasta hiyo huzuia maji kuingia, lakini hata jasho halipati pa kutokea. Nisizungushe mguu mzima, na ikilowa ndani niitoe saa hiyo hiyo. Nilisikia vizuri. Msiseme sikuambiwa!

Ubatizo wetu ni wa kuzamishwa mwili mzima, na silanga letu, bwawa la kijiji, hujaa maji wakati wa mvua tu. Pasta alipouona mguu, alisema mama angoje mvua nyingine, Mungu hana haraka. Mimi ndiye niliyekuwa na haraka! Watu nilikuwa nimeshawaalika, mbuzi amefungwa nyuma ya nyumba. Ningeuficha wapi uso wangu? Nikamwambia pasta kwamba sista mwenyewe amesema mama anaweza kuingia majini na plasta. Ulikuwa uongo.

Asubuhi hiyo nilizungusha plasta kutoka vidoleni mpaka juu ya kifundo, safu juu ya safu, nikaikaza kwa nguvu zangu zote. Mama alicheka, akaniuliza kama nafunga mguu au naziba kibuyu kilichopasuka. Nikacheka naye.

Alitoka majini akitetemeka, mwembamba ndani ya leso, akitabasamu kama msichana. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Wageni walikaa siku tatu. Kupika, kuchota maji, kupokea pongezi... na plasta bado ilikuwa nyeupe, safi kwa macho. Nikajiambia, kitu kisafi hivi cha nini kukifungua? Siku ya pili mama aliniita kando. Alisema polepole, "Mwiitu wakwa, binti yangu, mguu unanuka."

Nikamjibu kwa ukali kwamba ni matope ya silanga, asiniaibishe mbele ya wageni! Mungu wangu... hayo ndiyo maneno niliyomwambia mama aliyenizaa. Hakulirudia jambo hilo tena.

Siku ya nne, nzi waliugandama mguu, nikifukuza wanarudi. Nilipoivuta plasta, ngozi ilikuja nayo, laini kama ugali uliolowa. Ndani kulikuwa kumeoza. Nilipiga nduru mpaka majirani wakaja mbio.

Katika hospitali kubwa waliukata chini ya goti. Daktari aliuliza kwa hasira ni nani aliyeufunga namna ile. Niliinama nikajifanya nakunja leso ya mama. Mama akajibu kutoka kitandani kwamba alijifunga mwenyewe, binti yake alimkataza lakini yeye ni mkaidi.

Alirudi nyumbani akaishi miezi minane. Kila aliyekuja kumwona alimwambia vivyo hivyo, kwamba ni ukaidi wake mwenyewe, mtoto hana makosa. Nami niliketi pale pale nikimimina chai, natikisa kichwa kwa huruma! Hivi kweli mimi nilikuwa mtu?

Kidonda cha pale walipokata hakikupona, na mama akaniacha. Siku ya mazishi pasta alisema sote tujifunze utii kutokana na kosa la marehemu. Watu wakaitikia amina. Nami niliitikia, tena kwa sauti.

Nilimwingiza majini ili asafishwe dhambi. Alipotoka, dhambi ya kwanza aliyotenda ilikuwa kusema uongo kwa ajili yangu, na akafa nao. Huo ndio mzigo wangu. Naamka nao, nalala nao.

Wenzangu mnaouguza watu nyumbani, nawasihi! Plasta ikiwa safi nje, msiiamini. Fungueni kila siku, mtazame, mnuse. Mgonjwa akikwambia kitu hakiko sawa, acha sufuria iungue uende ukaone. Wageni watakula baadaye. Na ukikosea, sema ni wewe, angali hai akusikie. Mimi nilichelewa.

Jumapili ijayo nitakivua kile kitambaa cheupe na kusimama mbele ya kanisa lile lile. Sitasema mengi. Nitawaambia mama yangu hakuwa mkaidi. Mama yangu aliniambia mguu unanuka.