Saa Tatu Zisizo na Mwenyewe

Sogeeni. Zimeni hiyo redio, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana haya nayasema kwa sauti ya chini.

Mjukuu wangu, tuliyemwita Fundi, alikuwa mtengeneza tovuti. Mkewe alifanya kazi nchi ambayo saa zake ziko mbele ya zetu kwa saa tatu. Fundi akatengeneza ukurasa wao wawili wa kuandikiana. Ila alikosea: kila ujumbe aliuhifadhi kwa saa ya ukutani kwa mwandishi, bila kuandika ni saa ya nchi gani. Huku saa saba mchana, ujumbe wa mke unasema saa kumi jioni. Mke akacheka: "Mume wangu, mimi nimekutangulia tu. Usirekebishe." Hakurekebisha.

Mke akafia huko huko. Fundi akabaki na sahani mbili na kiti kitupu.

Miezi miwili baadaye, saa saba mchana, ukurasa ukalia. "Umekula?" Saa iliyoandikwa: kumi jioni. Chumba kikanuka mafuta ya nywele ya marehemu. Mwingine angetoka mbio. Yeye akajibu, "Bado."

Ikawa kila mchana. "Pole na kikombe." Ilipofika saa kumi, kikombe kikamponyoka. "Pole na kidole." Saa kumi, mlango ukambana. Hakumwambia mtu. Alikuwa amepata wa kuzungumza naye.

Halafu siku moja, saa saba: "Mbona hupumui?"

Akampigia shangazi yake, binti yangu, aliyemfundisha hiyo kazi. Shangazi akafika anahema, akafungua kompyuta.

"Nani kakufundisha kuhifadhi saa hivi? Si mimi!" akanong'ona. "Zote unaziweka kwa saa ya pamoja ya dunia nzima. Unazigeuza kuwa za nchi wakati wa kumwonyesha mtu tu. Wewe umeacha saa tatu katikati, hazina mwenyewe. Kuna jini limehamia humo."

"Tukirekebisha, ataondoka."

"Yule si mkeo, mwanangu."

"Najua, shangazi. Lakini ananiuliza kama nimekula."

Shangazi akaanza kuzirudisha zile saa mahali pake, ujumbe mmoja baada ya mwingine, na vibonye vikawa vinajibonyeza vyenyewe chini ya vidole vyake, kiti kitupu kikajiburuta sakafuni, harufu ya mafuta ikageuka ya nywele zinazoungua, naye habanduki, anamwita Mungu, mpaka ghafla kukawa kimya.

Akaenda kuchemsha chai. Hakujua Fundi amenakili ujumbe mmoja kwenye simu yake, ule wa kwanza, na saa yake ile ile mbovu.

Aliporudi ilikuwa saa kumi. Fundi amekaa mezani, sahani mbili mbele yake, simu mkononi. Hapumui.

Shangazi karithi kompyuta, hajaiwasha. Dada yake Fundi kachukua sahani moja, ya pili kaikataa. Mimi nikapewa simu.

Jana mchana imelia. "Bibi, umekula?" Imeandikwa saa kumi. Ukutani ni saa saba.

Nyumba ilikuwa kimya sana, wajukuu zangu. Nikajibu.