Blauzi Nyeupe ya Dada

Kila Jumamosi mchana Pilipili alikuwa na kazi ya kuokota sindano zilizoanguka chini ya cherehani ya mama yake. Walimwita Pilipili kwa sababu ni mdogo wa umbo, mkali wa ulimi. Lakini Jumamosi hiyo aliokota huku amenuna. Sebule ilijaa tele: shangazi, majirani wawili, vikombe vya chai, vicheko hadi nje. Wote walikuja kwa ajili ya dada yake, aliyepata kazi ya mapokezi katika ofisi ya mawakili. Angeanza Jumatatu.

"Dada, dada, dada," Pilipili alinung'unika. "Mimi nimekuwa wa pili darasani, nani kauliza?"

Shangazi alikuwa ameleta blauzi nne. Ile ya maua makubwa aliitupa pembeni mwenyewe. "Hii ya harusini, mwanangu. Wakili ataisahau kesi!" Ya pili mama aliiinua dirishani, vidole vyake vikaonekana upande wa pili. "Hii nayo haina siri." Zikabaki nyeupe na ya bluu.

Mama, fundi wa miaka mingi, alikuwa na mtindo wake. "Nguo ya ofisini haijaribiwi kwa kusimama," alisema. "Kaa. Nyoosha mikono kama unayeandika. Pilipili, mtazame, mimi napima pindo la sketi."

Dada alivaa nyeupe. Alipendeza hasa. Ila alipokaa na kunyoosha mikono, vifungo vya kifuani vilivutana, na katikati pakaachia kama mdomo. Pilipili aliona. Wivu ukampanda. Mwache akaaibike kidogo huko, aliwaza.

"Imekukaa, dada. Chukua hiyo."

Dada alimkumbatia. "Wengine hapa wananisifu tu. Wewe ndiye ninayekuamini."

Laiti angemtukana! Jumapili nzima maneno hayo yalimchoma Pilipili. Jumatatu asubuhi, dada akiwa amevaa nyeupe na mkoba begani, Pilipili aliziba mlango.

"Usiende! Kaa kwanza. Nyoosha mikono."

Dada alikaa, akanyoosha, akajitazama. "He! Wewe uliona?"

"Niliona. Nilitaka wakucheke. Tangu barua yako ya kazi ije, mimi humu ndani ni kama kiti."

Machozi yakamlenga dada. Mama alitazama saa. "Kulia baadaye. Wewe, vua. Na wewe, pasi iko moto, nyoosha ile ya bluu. Anza na kola."

Pilipili alipiga pasi jasho likimtoka. Dada akaivaa, akakaa, akanyoosha mikono. Hakuna kilichoachia. Mlangoni aligeuka. "Nimekukasirikia, na nitaendelea hadi jioni. Lakini asante kwa kuniwahi."

Alipoondoka, mama alimketisha Pilipili karibu naye.

"Tulikusahau, mwanangu, hilo ni kosa letu. Ungesema, tungesikia. Lakini dada yako aliazima macho yako, nawe ukamdanganya. Adui hatumuulizi ushauri, kwa hiyo mwenye wivu humuumiza mtu yule yule anayemwamini yeye. Roho ikikuuma, njoo uniambie. Ukiulizwa, sema kweli. Aibu ya mwenzio haikuongezei wewe hata uzi mmoja."