Aliyevaa Jina la Tulinagwe

Asubuhi hiyo kompyuta ya Sekela ilikuwa ikikwaruza kama panya aliyefungiwa kwenye debe, na mwenyewe hakuwa ameiwasha.

Ilikuwa miaka ile kompyuta kuukuu za Ulaya zilipoanza kumiminika Mbeya kama mitumba. Sekela, mjane, alinunua moja, akafungua chumba cha kuchapa barua karibu na stendi ya Tukuyu. Jana yake mteja mgeni aliacha disketi, asirudi. Sekela akaichomeka ajue ni ya nani. Mlikuwa na faili moja tu: NIFUNGUE. Akalifungua. Hakuna kilichotokea, ila chumba kilinuka udongo wa kaburi jipya.

Sasa kila folda ilikuwa na jina lake lile lile, lakini akiibonyeza haifunguki. Mashine inakwaruza tu. Akazifuta. Akazima, akawasha: zimerudi. Hata ile ya Tulinagwe, binti yake wa pekee, alimoweka picha zake.

Jioni Tulinagwe alitoka shule, akakaa mbele ya chakula asikiguse. Bibi yake akamsemesha Kinyakyusa, lugha aliyomlea nayo. Mtoto akamkodolea macho tu.

"Unaumwa, mwanangu?" Sekela akamgusa paji. Lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Siumwi, mama." Sauti ilitangulia, midomo ikafuata.

Bibi akamvuta Sekela jikoni. "Sura ni yake, jina ni lake," akanong'ona. "Mwenyewe yuko wapi?"

Kesho yake, ukungu ukiwa umeziba mlango wa chumba cha kuchapa, Sekela alisikia kilio chembamba ndani ya kompyuta, kikipanda na kushuka pamoja na ule mkwaruzo.

"Mama, nimefichwa. Huku giza. Nitoe, mama."

Akakimbilia simu ya stendi, akamwita Jackson, fundi wa kompyuta wa Mbeya. Fundi alipofika, mashine ilikuwa kimya. Akaikagua, akacheka.

"Kirusi hiki, Mama Tulinagwe. Kinaficha folda halisi, kinavaa jina lake, na kila ukikibonyeza kinazaa kingine. Dawa ni kufuta diski nzima."

"Na vilivyofichwa?"

"Vinapotea navyo."

Sekela akasita. Hapo mlangoni akasimama mtoto, sare ya shule imelowa ukungu.

"Mwambie afute, mama," akasema taratibu. "Hilo linaniigiza sauti."

Sekela akamtazama mtoto mwenye miguu na mikono, akaitazama mashine, akatamani mno kuamini kile alichoweza kukishika.

"Futa," akasema.

Jackson akabonyeza, na papo hapo kilio kikarudi, safari hii kwa Kinyakyusa, kikimwita mama, kikimwita bibi, kikisihi kama mtoto anayeshikilia ukingo wa shimo huku vidole vikimteleza kimoja kimoja, na Sekela akairukia mashine akapiga kelele "Acha! Acha!", na fundi akang'oa waya ukutani, lakini mashine haikuzimika, ikaendelea kukwaruza bila umeme hadi ikamaliza.

Kimya.

"Twende nyumbani," mtoto akasema, akimshika mkono.

Walimkuta bibi nje, kajikunyata kwenye mvua.

"Umekuja na nani, Sekela? Tulinagwe yuko ndani, anamenya ndizi."

Sekela akapaza sauti: "Tulinagwe!"

"Abee, mama," akaitika aliyemshika mkono.

"Abee, mama," wa jikoni.

"Abee, mama," migombani, wengi, kwa sauti moja.