Sharti la Tatu

Dismasi na Thuwaiba walibishana kabla hawajajuana majina. Ilikuwa wiki ya kufungua shule, na duka la mzee Salmin, pale Rumonge mjini, lilijaa wazazi wakisukumana kununua makaye, madaftari ya watoto. Nyuma ya kaunta alisimama Thuwaiba, binti wa mwenye duka, kavaa buibui jeusi na mtandio wa rangi ya mawese, na mwalimu Dismasi alipomwona akasahau alichofuata. Alipokumbuka, alionyesha picha ya ukutani ya jua na sayari zake.

"Dada, hii ina sayari tisa. Siku hizi ni nane."

"Mwalimu, ilichapwa na tisa, iko na tisa. Unaitaka ama hauitaki?"

"Naitaka. Pluto nitaiziba."

"Masikini. Ilikosa nini?"

Watu waliokuwa nyuma yake waliguna, lakini Dismasi alifundisha sayansi, na swali kwake lilikuwa swali. Akaeleza kwamba mwaka 2006 wataalamu wa nyota walikutana mjini Praha, Ulaya, wakaweka masharti matatu. Sayari ilizunguke jua. Iwe nzito kiasi cha kujivuta yenyewe ikawa mviringo. Na iwe imeisafisha njia yake, visibaki vitu vingine vikizagaa humo. Pluto ilipita mawili, la tatu likaiangusha, maana inakatiza katikati ya mabonge mengi ya barafu.

"Nani aliamua?"

"Waliinua kadi. Wengi walikuwa wamesharudi makwao, basi waliobaki ukumbini ndio waliopiga kura."

"Na Pluto iliulizwa?" Thuwaiba alicheka, akamviringishia picha yake. "Weye unaongea Kiswahili cha redio. Umetoka wapi?"

"Mtabila."

Hiyo ilikuwa kambi ya wakimbizi kule Tanzania. Dismasi alizaliwa humo, akakua akisimama foleni kusikiliza kama jina lake litasomwa kwenye orodha au litarukwa. Hilo tusilisahau, ndilo lililomponza.

Mapenzi yakaota. Kila mapumziko ya saa nne simu yake ililia: "Amahoro, mwalimu wangu wa sayari nane. Umekula?" Naye akijibu, "Nimekula sauti yako." Jumamosi walitembea kivulini, msituni Kigwena, wakitaniana kuhusu jinsi kila mmoja anavyosema Kiswahili. Mwaka ulipopinduka, Dismasi alikuwa akisoma dini ya Kiislamu kwa maalimu, kwa hiari yake. Ndipo Thuwaiba akampigia kwa furaha.

"Sheri wangu, baba ameomba vitu vitatu tu. Ushike dini. Ukuwe na kazi. Na ukuje weye mwenyewe Ijumaa, nyuma ya sala, ukae mbele ya baba zangu wadogo wa Bujumbura."

"Nikae wanipime?"

"Wakuone, mupenzi."

Ijumaa alipiga pasi shati mara mbili. Alipokaribia lango la mzee Salmin, gari la Bujumbura lilikuwa limeshafika, na aliyeshuka upande wa usukani alikuwa Nawaf, binamu yake Thuwaiba, kanzu nyeupe, udi ukinukia mpaka barabarani. Mji mzima ulisema huyo amewekewa Thuwaiba tangu utotoni. Ndani watu wakamlaki kwa vicheko. Dismasi akajiona tena kwenye foleni ya Mtabila. Orodha imeshasomwa, akajiambia, na mimi simo. Akageuka, akazima simu, akaenda kuketi ufukweni mwa ziwa, palipoanikwa ndagala, dagaa wa huko. Aliiwasha siku ya nne. Thuwaiba hakupokea, na dukani aliambiwa kapelekwa Bujumbura. Mjinga? Ndiyo, alikuwa mjinga, na mimi hadi leo namhurumia.

Mwezi wa pili baada ya Ijumaa ile, simu ililia saa nne, darasani, watoto wakiwa uwanjani.

"Amahoro, Dismasi."

Hakuitwa mwalimu, hakuitwa mupenzi.

"Thuwaiba, nilimwona Nawaf akiingia. Nikajua wameshachagua."

"Nawaf alikuja kuwaendesha wazee. Waliposikia habari zako, ni yeye alianza kuinua mukono kukukubali. Wote wakamufata. Ilibaki weye tu. Kiti chako nilikipangusa mimi mwenyewe."

Dismasi alishika ukingo wa meza.

"Tulingoja mpaka magaribi. Mama akafunika sahani. Baba sijamuona siku moja ameinamisha kichwa mbele ya wadogo zake, siku ile nilimuona. Nyuma ya hapo wakamuomba Nawaf awasitiri aibu, anioe."

"Na wewe walikuuliza?"

"Waliniuliza. Nilikuita kwa simu siku tatu, nipate cha kujibu. Ndoa iko Jumamosi."

Machozi yalimtoka bila aibu. "Nakuja leo. Nitakaa mbele yao, wanipime watakavyo."

"Nikuulize kitu cha darasa. Wale watu wa Praha, wanabishana mpaka leo?"

"Mpaka leo. Wapo wanaosema sharti la tatu halikuwa la haki."

"Na kura ilirudiwa?"

Dismasi aliitazama picha ukutani. Pale pa Pluto alikuwa amebandika karatasi nyeupe kwa mkono wake.

"Haijarudiwa."

"Murakoze, mwalimu," alimshukuru kwa Kirundi.

Simu ikakatika. Kengele ikalia, watoto wakaingia, wakasimama wima kumwamkia. Walisimama muda mrefu siku hiyo, maana mwalimu wao hakuweza kuwaambia wakae.