Mwisho Uliofungiwa Njugu

Kila Ijumaa baada ya mapumziko, Mwalimu Waceke alifuta ubao, akaenda kuketi nyuma kabisa ya darasa la sita, na kuwaachia wanafunzi uwanja. Aliyesoma kitabu wiki hiyo alisimama mbele akawaeleza wenzake, kisha akamkabidhi yeyote aliyekitamani. Ndivyo vitabu vya shule ile ya katikati ya Nairobi vilivyotembea mwaka huo wa 1969, navyo vilitembea mpaka vikachakaa.

Zena aliipenda siku hiyo kuliko sikukuu. Baba yake, Mzee Hemed, aliuza vitambaa Mtaa wa Biashara, na Zena alikuwa amerithi ulimi wake wa dukani. Jamleck, aliyeketi dawati la nyuma yake, alizoea kusema kwamba Zena akikusimulia habari za sungura, ukifika nyumbani sungura keshaota pembe.

Ijumaa hiyo Zena alisimama na kitabu kiitwacho Taa Dirishani.

"Kinamhusu kijana Mwanzia," alianza. "Mama yake ni mgonjwa hoi, naye anavuka milima kumtafutia dawa. Mvua inampiga, fisi wanamfuata nyuma. Anaporudi, giza limeingia, anaiona taa ya kwao inawaka dirishani."

Hapo ndipo kitabu kilipokoma. Kurasa za mwisho zilikuwa zimenyofolewa zamani, na kila mtu shuleni alijua kurasa za namna hiyo huenda wapi: kwa muuza njugu wa langoni, aliyezikunja akafungia njugu zake. Zena angesema hivyo, watu wangecheka na mambo yangekwisha. Lakini darasa lilikuwa kimya likimngoja, na ulimi ulimwasha.

"Halafu?" akauliza Jamleck.

"Halafu anaingia ndani, anamkuta mama yake jikoni anasukuma chapati. Amepona kabla ya dawa kufika. Anamwambia, 'Umechelewa, chai imepoa.'"

Darasa zima lilipiga makofi, isipokuwa Pramila. Mama yake, Bi Sushila, alikuwa amelazwa hospitali upande wa Parklands tangu mvua za masika zianze. Kengele ilipolia, Pramila alimfuata Zena.

"Niazime nikamsomee Ba," alisema. Ba ni mama kwa lugha ya kwao.

Zena alimpa kitabu bila kumtazama. Pramila alikifungua nyuma.

"Mwisho uko wapi?"

"Umeraruka."

"Wewe uliusoma wapi?"

"Kwingine," alisema Zena.

Basi Pramila akaanza kwenda maktaba iliyo karibu na Msikiti wa Jamia. Nakala yao ilikuwa imeazimwa, na mwenye kuiazima angeirudisha wakati wowote. Kila siku baada ya masomo Pramila alikaa pale kwenye benchi akisubiri. Saa ya kuwaona wagonjwa ilikuwa kumi na moja jioni, na kila alipotoka maktaba ilikuwa imekwisha pita.

"Kwani humwoni mama siku hizi?" Zena alimwuliza Jumatano.

"Nitakwenda nikiwa na kitabu. Daktari anamwambia maneno mengine. Akisikia mwisho ule, atajua kwamba watu hupona."

Zena aliinama akajifanya anatafuta kalamu mkobani.

Alhamisi aliamua kumsindikiza. Karani wa maktaba alipowaona tu, aliinua kitabu juu. "Haya, binti wa benchi. Kimerudi."

Pramila alikikumbatia. "Twende. Leo tutawahi."

"Nipe nikione kwanza," alisema Zena.

Walipotoka nje, alikifungua ukurasa wa mwisho akiwa amesimama kwenye ngazi. Mle kitabuni, taa ilikuwa imewashwa na majirani. Walikuwa wamekuja kukesha matanga. Mwanzia aliingia na dawa mkononi, na hapakuwa na wa kuinywa.

"Kinasemaje?" aliuliza Pramila.

"Usimsomee," alisema Zena. "Zile chapati ni zangu. Nilizitunga. Sikuwahi kuuona mwisho mpaka sasa hivi."

Pramila alikichukua kitabu, akakifunga.

"Wiki nzima," alisema. "Wiki nzima Ba amekuwa akitazama mlango, na mimi niko kwenye benchi."

Walikwenda Parklands kwa miguu, karibu mbio. Bi Sushila alikuwa amekonda hata pete ameivua. Pramila alimshika mkono. Zena alisimama miguuni mwa kitanda.

"Shikamoo, Mama Pramila," alisema, kisha akaeleza yote, kutoka njugu hadi ngazi za maktaba. Mara hii hakuongeza chumvi hata chembe.

Bi Sushila alimsikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, mwisho mimi naujua. Daktari hanifichi," alisema polepole. "Nimemkosa binti yangu siku hizi zote, na siku zenyewe ni chache. Sikiliza. Ukimsifia mtu kitabu, unamshika mkono na kumpitisha njia. Usimwambie kuna daraja mbele na wewe hukufika huko. Ungesema tu, 'Nimesoma mpaka hapa.' Hilo lingetosha."

"Nisamehe, Mama Pramila."

"Nimekusamehe. Yeye mwombe mwenyewe, na umpe muda." Kisha akamgeukia binti yake. "Na huo mwanzo, ni mzuri?"

"Ni mzuri, Ba."

"Basi nisomee mwanzo."

Kesho yake Zena alisimama mbele ya darasa akasema ukweli. Jamleck hakufanya mzaha.

Pramila hakukosa tena jioni hata moja hospitalini, na Zena alimbebea mkoba mpaka langoni. Bi Sushila hakupona. Alifariki wiki ya pili, asubuhi, mvua ikinyesha.

Pramila aliporudi shuleni, siku ilikuwa Ijumaa. Mwalimu Waceke alikuwa amekwisha kuketi nyuma. Pramila alikwenda mbele bila kuitwa, akiwa na kile kitabu cha shule kisicho na mwisho.

"Tulisoma mpaka pale Mwanzia anapoiona taa," alisema. "Mbele ya hapo sikusoma. Ni kitabu kizuri. Nani anakitaka?"

Zena aliinua mkono. Pramila alisitasita kidogo, kisha akampelekea.